Old Korogwe hadi Handeni: bei ya kilomita moja ya miguu

Kutoka Korogwe, ukivuka mto hadi Old Korogwe na kuendelea mpaka Handeni mjini, ni kilomita 65 za lami. Nauli ya daraja la kawaida kwa mabasi ya mikoani iliyotangazwa na mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, mwishoni mwa 2023 ilikuwa Sh48.47 kwa kilomita. Zidisha: Sh3,150 na senti kidogo. Abiria akikaa kitini pale, saa moja na ushei baadaye yuko Handeni.

Sasa tupige hesabu hiyo hiyo kwa miguu. Mtu mzima mwenye afya, mikono mitupu, huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Tuchukue 4, maana njia inatoka bondeni na kupanda. Hizo ni saa 16 na robo, yaani siku mbili na usiku mmoja wa kulala njiani. Hatua moja ikiwa na sentimita 65, ni hatua 100,000. Mwili wa kilo 60 huunguza takriban kilokalori 50 kwa kila kilomita, jumla 3,250, na hiyo ni karibu nguvu yote iliyomo ndani ya kilo moja ya unga wa mahindi. Halafu kuna siku mbili za kazi zilizopotea. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa Sh140,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi unapata kama Sh5,400 kwa siku, kwa hiyo siku mbili ni Sh10,800. Kabla hata ya kununua unga, aliyetembea amelipa zaidi ya mara tatu ya aliyepanda basi.

Kwa hesabu hiyo, hakuna mwenye Sh3,150 mfukoni anayetembea kutoka Korogwe hadi Handeni, na wala simlaumu. Lakini tukiishia hapo tutadhani njia za miguu za bonde hili zimekufa, na hilo si kweli hata kidogo. Simama pembeni mwa lami karibu na Sindeni au Misima asubuhi na utaona watu wakiikata barabara, si wakiifuata. Wanatoka kitongojini kwenda shambani, kisimani, shuleni, zahanati, mashineni kusaga. Lami inakwenda kutoka mji hadi mji. Miguu inakwenda kutoka nyumba hadi mto, na hapo ndipo penye wingi wa safari.

Tofauti kubwa ni kwamba njia ya kwanza imepimwa na ya pili haijapimwa. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu au ya mkoa hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati, jumla mita 60. Kwa kilomita 65 hizo ni hekta 390 za ardhi zilizotengwa, zikawekewa mawe ya mipaka, na mwenye nyumba aliyeingia ndani yake akachorewa alama ya X ukutani. Njia ya miguu yenye urefu huo huo na upana wa nusu mita ingekula hekta 3 na robo tu. Haina jiwe la mpaka, haina namba, haina mhandisi. TARURA, iliyoanzishwa 2017, inahudumia mtandao wa barabara za vijijini na mijini unaozidi kilomita 140,000, na hata mtandao huo mkubwa hivyo unaanzia pale gari linapoweza kupita. Chini ya hapo daftari ni tupu.

Ninaamini utupu huo una gharama, na gharama hiyo inaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi bila kusubiri utafiti mkubwa. Ila kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu bonde hili limewahi kuhesabu miguu kwa umakini sana.

Mto wenyewe, ambao ramani zinauita Pangani na wenyeji wengi wanauita Ruvu, unatoka kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru na kusafiri karibu kilomita 500 hadi baharini. Wazigua waliokaa kando yake walijenga baadhi ya vijiji vyao juu ya visiwa vya mto, Korogwe na Maurui vikiwemo, maji yakiwa ndiyo boma lao dhidi ya wavamizi. Bonde lilikuwa njia ya misafara ya pembe za ndovu kutoka mji wa Pangani kwenda bara. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipita sehemu ya njia hiyo Februari 1857 wakielekea Vuga kuonana na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, miezi michache kabla ya safari yao ndefu ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kama gramu 700. Hesabu mbili hizo ndizo zilizotawala biashara yote ya bara, na mwenye msafara aliyezisahau alirudi na watu wenye njaa au hakurudi kabisa. Tuziweke kwenye safari yetu. Msafara wa watu 100 unabeba tani 3.2. Ukienda mwendo wa misafara, kilomita 16 hivi kwa siku, Korogwe hadi Handeni ni siku nne, na watu 100 watakula vibaba 400, yaani kilo 280. Karibu asilimia 9 ya uzito wa mzigo imeliwa kwa kilomita 65. Kwenda na kurudi ni asilimia 17 na nusu. Ukiwaza mpagazi aliyebeba chakula chake mwenyewe na si kitu kingine, kilo 32 zitamtosha siku 45 tu, kwa hiyo hawezi kwenda mbali zaidi ya siku 22 kama anataka kurudi akiwa hai. Ndiyo maana misafara ilishika mabonde ya mito yenye vijiji. Maji ni sababu moja, lakini iliyo kubwa zaidi ni kwamba katika bonde chakula kinanunuliwa njiani, kwa hiyo hakibebwi.

Reli ilipokuja ilibadili kila tarakimu. Ilianza kujengwa kutoka Tanga 1893, na kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, serikali ya Wajerumani ikaichukua 1899. Ilifika Korogwe 1902. Kilomita kama 84 kwa miaka tisa ni chini ya kilomita 10 kwa mwaka, mwendo ambao hata mpagazi mgonjwa angeupita. Lakini ilipokwisha kufika, behewa moja la tani 10 lilikuwa na mzigo wa wapagazi 312, na halikula kibaba hata kimoja. Mji ukauhama ukingo wa zamani, ukafuata stesheni. Old Korogwe ikabaki ng'ambo na jina lake.

Handeni haikupata reli ya namna hiyo. Ilipata kitu kingine, kwa muda mfupi na kwa sababu mbaya. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafunga Wajerumani kaskazini, waling'oa reli nyepesi za mashambani na kuzilaza kutoka Mombo kuelekea Handeni, na vitoroli vyake vikasukumwa kwa mikono ya watu. Kuanzia Handeni kwenda upande wa Reli ya Kati, mizigo ilirudi kwenye mabega. Juni 1916 jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka na bonde, likaichukua Korogwe, na siku chache baadaye Handeni. Askari walifika wakiwa na posho pungufu, kwa sababu ileile ya kibaba: kadiri jeshi linavyokwenda mbali na reli, ndivyo wabebaji wanavyokula kile wanachokibeba. Katika vita vile vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Majeshi yote mawili yalihesabu magunia vizuri kuliko yalivyohesabu watu.

Nimekaa sana kwenye vibaba kwa sababu tabia hiyo ya kuhesabu mzigo kwa mtu kwa siku imepotea, na bila hiyo hatuuoni uchumi wa kijiji cha leo. Mzigo wa kichwani haukuisha reli ilipofika, wala lami ilipofika. Umebadilika tu: zamani ulibebwa na wanaume, kwa ujira, kwa safari ndefu. Leo unabebwa zaidi na wanawake na watoto, bila ujira, kwa safari fupi. Safari fupi hazitishi mtu yeyote mezani, mpaka uzijumlishe.

Tuanze na maji. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 toka nyumbani, kituo kimoja kikihudumia watu 250. Lengo zuri, na kijiji kilichofikia hapo kinahesabiwa kimehudumiwa. Sasa tuingie ndani ya nyumba moja ya watu watano. Lita 25 mara tano ni lita 125, takriban ndoo sita za lita 20. Kila ndoo ni mita 400 kwenda na mita 400 kurudi. Ndoo sita ni kilomita 4.8 kwa siku, nusu yake ukiwa na kilo 20 kichwani juu ya ngata. Kwa mwaka ni kilomita 1,752. Mama wa nyumba hiyo, ndani ya mazingira ambayo serikali inayahesabu kuwa mazuri, anatembea sawa na zaidi ya safari 13 za kwenda Handeni na kurudi Korogwe kwa miguu, na hajatoka nje ya kitongoji chake.

Muda nao. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayofuatilia huduma ya maji hutumia kipimo cha dakika 30 kwa safari moja, kwenda, kurudi na kusubiri foleni. Ndoo sita kwa kipimo hicho ni saa tatu kwa siku, saa 1,095 kwa mwaka, sawa na siku 137 za kazi za saa nane. Kwa kima cha Sh5,400, ni karibu Sh740,000 kwa mwaka kwa nyumba moja. Zaidi ya miezi mitano ya mshahara wa kibarua wa kilimo, na haionekani kwenye kitabu chochote kwa sababu hakuna anayemlipa mwenzake.

Pengine utasema dakika 30 ni nyingi mno kwa mita 800. Punguza iwe dakika 15. Bado ni saa 547.

Uzito ndio unaonishtua zaidi. Wahandisi wa usafirishaji hupima kazi kwa tani-kilomita: tani moja ikisogezwa kilomita moja. Ndoo sita za kilo 20 zikisogezwa mita 400 ni sawa na kilo 48 zikisogezwa kilomita moja kila siku, tani-kilomita 17.5 kwa mwaka. Lori la tani 10 likitoka Korogwe likafika Handeni limefanya tani-kilomita 650. Maana yake, lori hilo kwa safari moja ya saa moja na nusu hufanya kazi sawa na maji yote yanayobebwa na nyumba 37 kwa mwaka mzima. Upande mmoja dereva, utingo na dizeli kidogo. Upande wa pili saa 40,000 za wanawake na mabinti, kwa kipimo cha dakika 30.

Kwa ukubwa wa eneo lote: sensa ya 2012 ilihesabu watu 68,308 katika Halmashauri ya Mji wa Korogwe, 242,038 Korogwe vijijini, 79,056 Mji wa Handeni na 276,646 Handeni vijijini. Jumla 666,048, na tangu hapo Mkoa wa Tanga wote umekua kwa asilimia 28 kufikia watu 2,615,597 mwaka 2022. Tubaki na idadi ya zamani ili tusikuze mambo. Watu watano kwa nyumba ni nyumba kama 133,000. Tuseme robo yake tu ndiyo inayobeba maji kwa umbali ule wa sera. Ni kilomita 160,000 kila siku. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000. Kila jua linapotua, wilaya hizi mbili zimeizunguka dunia mara nne kwa ndoo.

Na wapo wanaotembea zaidi ya mita 400, hasa upande wa Handeni ambako ukame ni jambo la kawaida. Mradi wa bomba kuu la Handeni, HTM, unaochota maji ya mto huu huu upande wa Korogwe, ulijengwa kwa sababu hiyo miongo kadhaa iliyopita, na sasa unafufuliwa ndani ya mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Nauombea ufanikiwe. Bomba likifika, kilomita nyingi za kichwani zitakwisha kweli. Lakini angalia tena hesabu ya juu: bomba likifikisha maji mita 400 kutoka mlangoni, bado kuna kilomita 1,752. Likifika mita 100, zinabaki 438. Mita 300 za mwisho zina uzito kuliko tunavyozipa bajeti. Kwa wanaochota mtoni moja kwa moja kuna gharama nyingine isiyoingia kwenye jedwali lolote, nayo ni mamba.

Tuje kwenye mazao. Hapa hesabu inageuka kuwa hoja ya fedha taslimu ambayo hata mtu asiyejali ndoo za mama ataielewa.

Mkulima ana shamba kilomita 3 kutoka barabara ambayo lori linafika. Ana gunia la mahindi la kilo 100. Kichwani ni mizigo mitano ya kilo 20. Kila mzigo ni kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, jumla kilomita 30, karibu saa nane. Siku nzima ya kazi, Sh5,400, kwa gunia moja. Kwa kipimo cha tani-kilomita, gunia hilo ni tani-kilomita 0.3 tu, kwa hiyo bei ya njia ya miguu ni Sh18,000 kwa tani-kilomita. Hata tukimlipa mwenye lori Sh500 kwa tani-kilomita, kiwango ambacho nimekikuza makusudi, kilo zilezile 100 zitasafiri kilomita 65 zote hadi Handeni kwa Sh3,250. Kilomita 3 za mwanzo zimekula fedha nyingi kuliko kilomita 65 zinazofuata.

Mnunuzi anayesimama barabarani na mzani wake anaijua hesabu hii vizuri. Anajua kwamba mkulima aliyekwisha kufikisha gunia pale hawezi kulirudisha, na bei anaipanga kwa kuzingatia hilo.

Nini kinapunguza Sh18,000? Wengi watajibu barabara. Barabara ingefaa, ila kilomita ya barabara ya kupitika mwaka mzima ina makaravati, kifusi, mitaro na mashine, na vitongoji vinavyoihitaji ni vingi kuliko fedha, hata baada ya serikali kuongeza Sh100 kwa kila lita ya mafuta mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini. Jibu la karibu zaidi ni baiskeli. Gunia la kilo 100 hufungwa kwenye baiskeli na kusukumwa kwa safari moja. Kilomita 30 zinakuwa 6. Saa nane zinakuwa mbili kasoro au mbili na kitu, ukipumzika. Bei ya tani-kilomita inashuka hadi karibu moja ya tano. Punda naye hufanya kazi ya aina hiyo.

Lakini baiskeli yenye gunia haipiti kwenye njia ya sentimita 40 iliyobanwa na miiba, na haivuki gogo lililolazwa juu ya kijito. Kinachoamua bei ya mahindi ya kitongoji kizima, basi, ni upana wa njia na vivuko viwili au vitatu. Chukua kilomita 3 hizo, zipanue ziwe na upana wa mita moja na nusu. Ni mita za mraba 4,500. Mtu mmoja mwenye panga na jembe akisafisha mita za mraba 100 kwa siku, ni siku 45 za kazi. Ukiamua kulipa kila siku Sh5,400 ni Sh243,000. Ukiamua msaragambo, kitongoji cha nyumba 40 kikitoa mtu mmoja kila nyumba, ni siku moja na asubuhi ya siku ya pili.

Faida? Nyumba hizo 40 zikiuza magunia 10 kila moja, ni magunia 400. Kila gunia limeokoa kilomita 24. Jumla kilomita 9,600, saa 2,400, siku 300 za kazi, Sh1,620,000. Kwa msimu mmoja kazi imejilipa zaidi ya mara sita. Badilisha makadirio yangu utakavyo: weka magunia matano badala ya 10, weka baiskeli za kukodi kwa jirani, toa gharama ya kufyeka tena baada ya masika. Utashusha faida, lakini hutaifikisha kwenye hasara.

Mahali panapokwamisha msaragambo ni mto. Watu 40 wenye mapanga wanaweza kufyeka lakini hawawezi kujenga kivuko kitakachosimama maji yakija. Na bonde hili ni la maji yanayokuja. Mito ya Mkomazi na Luengera inamwaga maji kwenye Ruvu karibu na Korogwe. Vijito vya upande wa Handeni hukauka miezi mingi kisha hujaa kwa usiku mmoja. Mvua za Oktoba 2019 ziliua watu na kukata barabara katika wilaya hizi hizi mbili. Pale lami inapokatika habari hutangazwa redioni na mafundi hufika. Kivuko cha kijijini kikisombwa, wanaoathirika ni watoto wa shule na mama mjamzito, na taarifa haivuki kata.

Thamani ya kivuko cha miguu imewahi kupimwa vizuri mahali pengine. Nchini Nicaragua, wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walifuatilia vijiji vilivyojengewa madaraja ya waenda kwa miguu na vilivyokosa, na matokeo yakachapishwa 2020. Mafuriko yalishusha kipato cha vibarua kwa asilimia 18 kwenye vijiji visivyo na daraja. Kwenye vijiji vyenye daraja, hasara hiyo ilifutika. Zaidi ya hapo, wakulima waliokuwa na uhakika wa kuvuka waliwekeza zaidi mashambani mwao, kwa sababu walijua kwamba mavuno yatatoka. Uhakika ndio uliouzwa pale, si muda wa kuvuka peke yake. Ukiweka asilimia 18 kwenye ujira wetu wa Sh140,000, ni Sh25,200 kwa kila mwezi wa mafuriko kwa kila kibarua anayevuka kwenda kazini, na bonde hili lina vibarua wa mkonge wa kutosha.

Utaalamu wa kujenga nafuu upo nchini. TARURA imekwisha kujenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa kwa kutumia mawe ya hapohapo na mafundi wa hapohapo, kwa sehemu ndogo ya bei ya zege na nondo, na hayo ni madaraja ya kupitisha magari. Kivuko cha upana wa mita moja na nusu kwa ajili ya baiskeli, punda na mtu mwenye ndoo ni kazi ndogo kuliko hiyo. Kikwazo chake ni kwamba maombi ya fedha huambatana na idadi ya magari yanayopita kwa siku, na kwenye kivuko cha miguu jibu ni sifuri. Ukiuliza wangapi wanapita badala ya magari mangapi, sifuri hiyo inakuwa tarakimu tatu.

Hesabu ya kujibu swali hilo haihitaji mtaalamu. Mtu mmoja, daftari, saa 12 kando ya kivuko, siku ya gulio na siku isiyo ya gulio, mara moja kiangazi na mara moja masika. Andika aliyepita, mwelekeo, alichobeba, kwa makisio ya debe, ndoo au gunia. Siku nne za kazi, Sh21,600 kwa kima kile kile. Mtendaji wa kijiji akipanda nayo kwenye kikao cha kata, akazidisha kwa saa na kwa shilingi kama tulivyofanya hapa, ana hoja ambayo diwani hawezi kuijibu kwa kusema fedha hazipo bila kuonyesha zimekwenda wapi.

Jambo la pili ni la haraka zaidi kuliko vivuko, nalo ni ardhi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na mpango huo huonyesha makazi, mashamba, malisho, msitu na barabara. Njia za miguu mara nyingi hazichorwi kwa sababu kila mtu anazijua. Mashamba yanapouzwa kwa watu wa mbali, mkonge unapopandwa upya, uzio unaposimama, anayezijua anakuta amezungushwa kilomita moja zaidi. Kilomita moja zaidi kwa ndoo sita za maji ni kilomita 12 kwa siku.

Kuitenga njia ya kilomita 3 kwa upana wa mita 2 kunahitaji mita za mraba 6,000, yaani hekta 0.6, karibu ekari moja na nusu, iliyogawanyika kwa wamiliki wote inakopita. Ni uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, unaandikwa kwenye muhtasari, unachorwa kwenye ramani ya mpango, na miche ya mkonge au minyaa inapandwa kingo zote mbili kabla ya vuli.